Sekunde Thelathini za Kushukuru

Nilimpokonya kijana kipaza sauti.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 15 Desemba 2024, jioni, kwenye banda la gemu la mtaani kwetu Ngamiani, Tanga. Tulikuwa tumeshinda pale tangu saa nne asubuhi na mashindano ya gemu ya mpira: vijana 32, mtoano, ukifungwa unampisha mwenzako. MC nilikuwa mimi. Mshindi, kijana aliyemaliza kidato cha nne mwezi uliotangulia, alipanda juu ya kreti za soda tulizozifanya jukwaa, akapokea bahasha yake, nami nikampa kipaza sauti. Akameza mate. Akaanza:

"Mimi kwanza namshukuru fundi, yule anayetengeneza pedi za gemu pale Barabara ya Nane, kwa sababu mimi nyumbani sina..."

Mfadhili wetu, aliyekuwa amesimama pembeni ya bango lake, akanigongea saa ya mkononi kwa kidole. Nikasogea, nikakitoa kipaza sauti mkononi mwa mshindi, taratibu tu, kama mtu anayemsaidia mwenzake mzigo, nikasema, "Makofi kwake jamani, makofi kwake!" Watu wakapiga makofi. Mfadhili akazungumza dakika kumi na moja.

Nina hakika ni kumi na moja kwa sababu rafiki yangu alikuwa anarekodi kwa simu, na video ile nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kuna mahali kijana anaonekana bado amesimama juu ya kreti, mkono wake umebaki umekunjwa vilevile mbele ya kifua, kama bado kuna kitu ameshika.

## Alfajiri ya Ijumaa

Siku mbili tu kabla ya hapo nilikuwa nimekaa kitandani gizani, nikimshangilia mtu aliyeachwa aseme mpaka amalize.

Wanaofuatilia The Game Awards, zile tuzo za gemu zinazotolewa Marekani kila Desemba, kutoka huku kwetu wanaijua hali yenyewe. Los Angeles ikiwa saa kumi na moja jioni ya Alhamisi, Tanga ni saa kumi alfajiri ya Ijumaa. Unajiunga na bando la usiku, unashusha ubora wa picha ili lisikatike njiani, unavaa spika za masikioni usiiamshe nyumba. Adhana ya alfajiri inaingia kabla hafla haijamaliza hata saa yake ya kwanza. Nimefanya hivyo kila Desemba tangu mwaka 2016, na kila mwaka kuna mtu nyumbani anayeniuliza ninatazama nini saa zile, nami sijawahi kupata jibu fupi.

Mwaka uliotangulia, alfajiri ya tarehe 8 Desemba 2023, Mchezo Bora wa Mwaka ulikuwa Baldur's Gate 3. Swen Vincke, mkuu wa studio ya Larian ya Ubelgiji, alipanda jukwaani amevaa deraya ya chuma, kichwani hakuvaa kitu, kama shujaa aliyerudi vitani. Kazi ile iliwachukua miaka sita. Akafika mahali pa kuwakumbuka wenzao waliofariki kazi ikiendelea, akiwamo mmoja aliyefariki mwezi wa Novemba uleule.

Kesho yake picha zilizopigwa ndani ya ukumbi zikasambaa. Skrini ya maandishi iliyomkabili Vincke akiwa pale juu ilikuwa imeandikwa: tafadhali malizia.

Washindi wa usiku ule walipewa sekunde kama 30 kila mmoja, kisha muziki unapanda. Usiku huohuo Hideo Kojima, mtunzi wa gemu wa Kijapani, na Jordan Peele, mwongozaji wa filamu, walikaa jukwaani dakika kadhaa wakiizungumzia gemu ambayo bado haijatengenezwa. Mwigizaji Matthew McConaughey naye alikuja kuinadi gemu nyingine ambayo bado haijatoka. Nilikasirika. Niliandika mitandaoni, nikabishana na watu nisiowajua hadi adhuhuri, kwamba hafla inayojiita ya tuzo haiwezi kumharakisha anayepewa tuzo.

Mwaka mmoja baadaye nikasimama Ngamiani nikafanya jambo lilelile, na mkono wangu haukutetemeka.

Ndicho kilichonirudisha nyuma. Nimetumia wiki hizi tangu Krismasi nikitafuta vipande vya zamani vya hafla hizi, mwaka kwa mwaka, na swali langu lilikuwa moja: kipaza sauti alikuwa nacho nani?

## Heshima ya kuazima

Wamarekani walijaribu kwa mara ya kwanza kuonyesha tuzo za gemu kwenye televisheni tarehe 5 Novemba 1994, kituo cha TBS. Jina lilikuwa Cybermania '94. Waendeshaji walikuwa Leslie Nielsen, mchekeshaji mwenye mvi nyeupe, na Jonathan Taylor Thomas, mvulana aliyetoa sauti ya Simba mdogo katika katuni ya Disney mwaka uleule. Fikiria hapo. Sherehe ya watu waliokesha mbele ya kompyuta wakichora na kuandika programu, na walioshika kipaza sauti ni mzee wa filamu na mtoto wa katuni.

Haikudumu. Lakini mfano ulibaki.

Miaka tisa baadaye, Desemba 2003, kituo cha Spike TV, kilichokuwa kimeanza kujinadi kama televisheni ya wanaume, kikafanya tuzo zake za kwanza katika hoteli ya MGM Grand, Las Vegas. Aliyeendesha ni David Spade, mchekeshaji. Mchezo Bora wa Mwaka ukawa Madden NFL 2004, ule mpira wa Kimarekani wa kukimbia nao mkononi. Mwaka 2004 akaendesha Snoop Dogg, na Grand Theft Auto: San Andreas ikashinda. Kisha Samuel L. Jackson miaka mitatu mfululizo, halafu Jack Black, halafu Neil Patrick Harris, halafu Zachary Levi, na mwaka 2012 Jackson tena.

Jackson namtoa kwenye lawama. Sauti yake imo ndani ya San Andreas, yule polisi fisadi ambaye kila aliyeicheza gemu ile bandani alimchukia kwa moyo wote. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kuwepo. Lakini ukizitazama zile hafla moja baada ya nyingine unaona woga. Walioandaa hawakuamini kwamba mtu anayetengeneza gemu anatosha kutazamwa. Ilibidi aje msanii, aje mwigizaji, aje mwanamieleka, ili sherehe ionekane ya watu wazima. Tuzo nyingi hazikutolewa jukwaani kabisa. Kilichochukua nafasi yake ni trela, vile vipande vya kuonjesha, za gemu zijazo.

Na hapa lazima niwe mkweli: nilipokuwa kijana, vipande hivyo vikitufikia kwenye sidii za kuchoma, tulivitazama kwa sababu ya hizo trela. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza washindi wako wapi.

Aibu ilifika kilele mwaka 2013. Hafla ilibadilishwa jina ikaitwa VGX, ikatolewa ukumbini na kuwekwa studio ndogo, ikarushwa mtandaoni. Mchekeshaji Joel McHale aliletwa kuwa mtangazaji mwenza, akamwaga dhihaka usiku mzima juu ya gemu na juu ya wageni waliokuja kuzionyesha. Nilikitazama kipande kimoja wiki iliyopita. Mgeni anajitahidi kueleza kazi yake, anatabasamu, anajikunja kidogo kila neno la mzaha likimpata. Ni sura ninayoijua. Ni sura ya mtoto anayeulizwa na mjomba mbele ya watu, "Na hayo magemu yako yatakupeleka wapi?"

## Kijana wa Cybermania

Aliyekaa kando ya McHale usiku ule alikuwa Geoff Keighley, Mkanada, ambaye kwa miaka mingi alikuwa sehemu ya tuzo za Spike. Mwaka 1994, akiwa kijana wa miaka 16, alikuwa nyuma ya pazia pale Cybermania akisaidia kuwaandikia mastaa maneno ya kusema.

Hili limenigusa kuliko nilivyotarajia. Huyu mtu alianza ujana wake akiwaandikia wengine maneno, kwenye sherehe ya kitu anachokipenda yeye kuliko wao.

Baada ya VGX aliachana na Spike. Aliingiza zaidi ya dola milioni moja za mfukoni mwake, akawaendea Sony, Microsoft na Nintendo, mahasimu watatu, akawakalisha upande mmoja. Tarehe 5 Desemba 2014, Las Vegas, ikazaliwa The Game Awards. Sanamu ya tuzo ilibuniwa na Weta Workshop ya New Zealand. Mchezo Bora ukawa Dragon Age: Inquisition.

Uamuzi wake mkubwa, kwangu mimi, ulikuwa kuikimbia televisheni. Hafla ikarushwa bure mtandaoni, kila mahali panapoweza kupokea. Mwaka ule wa kwanza ilitazamwa mara milioni 1.9. Mwaka 2017, milioni 11.5. Mwaka 2023, milioni 118. Mwaka 2024, milioni 154. Hesabu hizo ni za mirusho iliyofunguliwa, mtu mmoja anaweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja, lakini hata ukipunguza unavyotaka, mmojawapo ni mimi kitandani Tanga, bila king'amuzi, bila kiingilio.

Bila uamuzi ule nisingekuwa na cha kuandika.

## Aliyekatazwa kuja

Tarehe 3 Desemba 2015, Metal Gear Solid V, gemu ya Kojima, ilishinda tuzo ya gemu bora ya mapambano na matukio. Aliyepanda kuipokea ni Kiefer Sutherland, mwigizaji aliyetoa sauti ya mhusika mkuu. Keighley akasimama akaeleza kwa nini mtunzi mwenyewe hayupo: mwanasheria wa Konami, kampuni iliyoitoa gemu ile, alimweleza Kojima kwamba hataruhusiwa kusafiri kuja kupokea tuzo. Ukumbi ukazomea. Kojima alikuwa Tokyo.

Katika vipande vyote nilivyovitazama, ni hapo kwa mara ya kwanza niliona hafla hii ikisimama upande wa aliyetengeneza. Keighley angeweza kunyamaza. Kampuni ndizo zinazoleta trela, na trela ndizo zinazoleta pesa. Alizungumza.

Desemba iliyofuata Kojima alipanda jukwaani mwenyewe, akapokea tuzo ya heshima, ukumbi mzima umesimama.

Lakini usiku ule wa 2016 sikumkumbuka Kojima. Ndio usiku wangu wa kwanza wa kukesha, na haukunitoka kwa sababu ya mtu mwingine.

## Baba yake Joel

Ryan na Amy Green, wa Colorado, walikuwa na mtoto wa kiume, Joel. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja akagunduliwa ana saratani. Madaktari waliwapa miezi michache. Aliishi hadi miaka mitano, akafariki Machi 2014.

Ryan Green alikuwa mtengeneza programu. Joel akiwa bado hai, yeye, mkewe na mwenzao Josh Larson walianza kutengeneza gemu kuhusu maisha yale: That Dragon, Cancer. Ilitoka Januari 2016. Kuna sehemu uko chumbani hospitalini usiku, mtoto analia, ana kiu, akinywa anatapika. Unabonyeza kila unachoweza kubonyeza. Unampa maji, unambeba, unatembea naye, unakaa. Kilio hakikomi. Hakuna kitufe kinachofaa. Nimecheza gemu tangu nina miaka tisa, na tangu utotoni vidole vyangu vimefundishwa kwamba ukikosea utajaribu tena. Sehemu ile ilinifanya niweke pedi chini, nikaenda kusimama mlangoni kwa mama nikamsikiliza akipumua.

Ilishinda tuzo ya gemu yenye kugusa jamii. Ryan Green akapanda, akakaribia kipaza sauti, sauti ikamkatika. Aliwashukuru watu kwa kuwaacha wasimulie habari za mwanao. Akasema kwamba mwishowe haikuwa hadithi waliyotaka kuisimulia. Aliwashukuru kwa kusimama, kusikiliza, na kutogeuza uso.

Nami nilikuwa nasikiliza na machozi yananitoka, simu imeegemezwa kwenye goti, na nje adhana inaita.

Hakuna muziki uliopanda. Ukumbi uliokuja kuona trela ulimngoja mtu mzima amalize kulia. Baada ya hapo nimevumilia mengi kwenye hafla hii, matangazo ya vinywaji, mastaa wasiojua wametajwa kwa gemu gani, nikingoja tena dakika kama ile.

## Nani analipia usiku

Hapa ndipo nilipokwama kwa wiki nzima, kwa sababu hasira yangu ya 2023 ilianza kunitoka mikononi.

Hafla ni bure kwangu kwa sababu mtu mwingine amelipa. Kampuni zinataka gemu zao zionekane na macho milioni mia moja. Pesa zao ndizo zinazokodi ukumbi, zinazolipa okestra, zinazorusha matangazo. Mwaka 2022 kulikuwa na mpiga filimbi katika okestra ile, Pedro Eustache, aliyepiga kwa mwili mzima, mashavu, mabega, magoti, mpaka dunia ikamjua kwa usiku mmoja. Huyo naye hupanda jukwaani kwa sababu kuna trela. Ukitoa trela zote ukabakiza hotuba, mwaka unaofuata hutakuwa na pa kuzitolea hotuba hizo.

Mfadhili wetu wa Ngamiani naye hakuwa mtu mbaya. Bahasha ilikuwa yake. Vyakula vya vijana vilikuwa vyake, na jenereta aliazima mwenyewe baada ya umeme kukatika wakati wa robo fainali. Bila yeye kusingekuwa na kreti la kupandia.

Kwa hiyo nani anastahili dakika?

Mwaka 2022 hafla yenyewe ilijaribu kujibu bila kukusudia. Christopher Judge, sauti ya Kratos, mhusika mkuu wa gemu ya God of War, alitajwa mwigizaji bora na Al Pacino akamkabidhi tuzo. Alizungumza karibu dakika nane. Muziki ulipanda, akaendelea. Wengine walicheka, wengine walilalamika kwamba amechelewesha usiku. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliolalamika. Bando langu lilikuwa linaisha. Mwaka uliofuata zikaja zile sekunde 30.

Kwa maneno mengine, kosa lililonikasirisha mwaka 2023 nililiomba mwenyewe mwaka 2022.

Sikulijua hilo mpaka nilipokwenda kuyasoma maneno yangu ya zamani.

## Kutunza

Neno tuzo kwetu lina nyumba ya zamani. Tanga ni mji wa taarabu, na katika taarabu mtu humtunza mwimbaji. Bibi yangu alikuwa akinipeleka nikiwa mdogo. Namkumbuka mama mmoja wa makamo, leso imemkaa, anainuka na noti kati ya vidole viwili, anaiinua juu, anakwenda mbele kwa mwendo wa ngoma. Hakukimbia. Ubeti mzima ulipita kabla hajafika. Akampachika mwimbaji noti, wakatazamana, mwimbaji akaurudia mstari ule uliomwinua mama kitini, akamwimbia yeye peke yake. Kisha akarudi mahali pake kwa mwendo uleule.

Mpiga fidla hakuwahi kuharakisha. Kutunza kulikuwa ndani ya wimbo.

Mcheza kwao hutunzwa, tunasema. Sikuwahi kumsikia mtu akisema hutunzwa kwa muda gani.

Sidhani kama Los Angeles wanaweza kuwa na mpangilio wa taarabu. Saa tatu za kipindi ni saa tatu. Ila nimeona kwamba wanaweza kusikia. Baada ya hafla ya 2023 Keighley alikiri hadharani kwamba muziki ulipigwa mapema mno kwa washindi. Na mwaka 2024 washindi waliachwa wakaongea. Nicolas Doucet wa Astro Bot, gemu iliyoshinda Mchezo Bora mwaka ule, alimaliza alichokuwa nacho.

Vincke pia alirudi usiku ule, safari hii kutangaza Mchezo Bora. Hakuna maandishi yaliyomfukuza. Alisema amepashwa habari na mtabiri kuhusu gemu itakayoshinda mwaka ujao: itatengenezwa na studio inayotaka kuicheza yenyewe, isiyowahesabu wafanyakazi wake kama tarakimu za jedwali, isiyowaona wachezaji kama watu wa kukamuliwa. Maelfu ya watu wa kazi hii walikuwa wamepoteza ajira ndani ya miaka miwili ile, na ukumbini walikuwemo mabosi waliosaini barua. Alisema taratibu, bila kupandisha sauti.

Huyo ndiye niliyemshangilia gizani. Ijumaa alfajiri. Jumapili jioni nikampokonya kijana kipaza sauti.

## Barabara ya Nane

Kijana yuko Dar es Salaam kwa mjomba wake, anangoja matokeo. Nilimwandikia WhatsApp kuomba radhi. Akajibu, "Usijali kaka, ishapita." Nikamuuliza alitaka kumalizia vipi ile sentensi. Tiki mbili za bluu, kisha kimya, na mimi sioni kama nina haki ya kumuuliza mara ya pili.

Basi Jumanne nikaenda kwa fundi.

Kibanda chake kina upana wa mlango mmoja. Mezani alikuwa na pedi ya PS4 iliyolazwa kifudifudi, skrubu nne zimewekwa ndani ya kifuniko cha chupa ya soda. Kijiti chake cha kushoto kilikuwa kinajiendesha chenyewe. Mwenye nayo kalalamika kwamba wachezaji wake wanakimbilia nje ya uwanja. Fundi alifungua mgongo, akauchomoa utepe mwembamba wa ndani kwa ukucha, akaisafisha sehemu ya kijiti kwa pamba iliyochovywa spiriti, akazungusha, akasafisha tena. Raba za vitufe zilikuwa zimekwisha, akaweka za pedi nyingine iliyokufa. Ananiambia vijana wengine hawana pesa, huwaachia waje na pedi wakalipe siku wakishinda. Wapo wasio na pedi kabisa, hao huwapa moja ya kuazima wakajifunzie, mradi irudi jioni.

Nikamwambia mshindi wa Desemba alianza kushukuru kwa kumtaja yeye.

Bisibisi ikasimama.

"Mimi?"

"Wewe, fundi. Kabla ya mtu mwingine yeyote."

Akaiweka pedi mezani, akajifuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa begani.

"Alisemaje?"

Nikamtajia maneno niliyonayo, yale yanayoishia "mimi nyumbani sina".

Akaniangalia, akingoja niendelee.